Sauti Iliyorudishiwa Pumzi

Walimwita Redio tangu akiwa mdogo, na aliyembandika jina hilo alikuwa kaka yake, kinyozi, mtu ambaye mwenyewe mdomo haumtulii. Kwa dada yake alikutana na kiboko yake. Yule mtoto alikuwa anaongea akila, anaongea akioga, anaongea akiwa amelala fofofo. Mama yao alikuwa mpiga chapa wa ofisi, mwanamke mkali aliyeweza kuchapa barua nzima bila kutazama vidole vyake hata mara moja. Jioni alirudi nyumbani kichwa kimejaa kelele za mashine, akavua viatu, akakaa, akasema, "Haya, niambie." Basi Redio anaanza, na mama anasikiliza mpaka mwisho. Ndivyo wale wawili walivyopendana, na sijui kama kuna namna bora zaidi.

Alipokua akawa fundi wa mita za maji. Msicheke, hiyo ni kazi. Mita zinang'olewa majumbani kwa watu wanaolalamika, zinaletwa karakana, yeye anazifunga kwenye benchi refu la bati, anapitisha maji, anatazama kama mshale unasema kweli au unadanganya. Mikono yake ilikuwa na baridi mwaka mzima. Lakini kazi aliyoipenda kufa ni ile ya nyumbani, isiyo na mshahara wala bosi.

Kuna mfumo wa kompyuta, ile programu kubwa inayoendesha programu nyingine zote, ambao hauna mwenyewe. Wanautengeneza watu wa kujitolea kutoka kila pembe, wanautoa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuugeuza na kuutumia apendavyo. Wengi wao hawajawahi kuonana. Wanajuana kwa majina ya kujipachika, na wanajuana kwa ugomvi. Jamani, wale watu wanagombana! Watabishana wiki nzima juu ya rangi ya kitufe, mpaka mmoja asuse, kesho yake amerudi kama hakuna kilichotokea. Ila wana utaratibu wao. Kila kipande cha mfumo kina mtunzaji wake. Anayetaka kubadilisha kitu anakiweka kwenye jukwaa lao la mtandaoni, anatoa sababu, anasubiri wiki. Wote wakikaa kimya, amekubaliwa. Mmoja akipinga kwa hoja, hapo kazi imeanza.

Kipande cha Redio kilikuwa sauti. Watu wasioona wanatumia kompyuta kwa kusikia: mashine inawasomea kila kilicho kwenye kioo. Sauti iliyokuwepo kwa lugha yetu ilikuwa kituko, utadhani mtu amebanwa pua na kibanio cha nguo. Wakati huo macho ya mama yalikuwa yameshaanza kufifia. Redio akaona haya hayavumiliki. Akachukua kipaza sauti, akajifungia kwenye kabati la nguo, katikati ya makoti ili mwangwi usiingie, akasoma sentensi maelfu kwa maelfu. Kaka yake akipita anagonga mlango wa kabati, "Redio, umekosa stesheni?" na ndani anasikika akicheka. Baadaye sentensi zile zikakatwakatwa vipande vidogo, na programu ikajua kuviunga upya kusema neno lolote. Redio akafyeka pumzi zote, vikohozi vyote, kila kilichokuwa si neno. Ikatoka sauti safi, kavu kidogo, lakini yake. Akaitoa kwa umma, atumie atakaye, kwa lolote atakalo. Hivyo ndivyo walivyo wale watu, wakitoa wametoa.

Mama alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka machozi. "Huyu ni wewe ukiwa umenuna," alisema.

Ugonjwa wa koo ukaja baadaye, pole pole, kwanza mafua yasiyoisha, halafu ikawa kitu kingine chenye jina refu. Daktari alikata alichopaswa kukata. Redio alipona, tumshukuru Mungu, lakini alitoka pale na mnong'ono tu, mkwaruzo kama wa fagio kwenye sakafu ya saruji. Msichana aliyeongea hata usingizini! Alilia siku nyingi, na kulia kwenyewe hakukuwa na sauti.

Sasa sikilizeni. Siku aliporudi kukaguliwa kidonda, aliingia kwenye lifti ya hospitali peke yake. Mlango ukajifunga. Juu ya kichwa chake sauti yake mwenyewe, ile nzima, ya zamani, ikasema, "Ghorofa ya tatu." Redio alishika ukuta. Alijua vizuri sana imefikaje, maana si yeye aliyewaruhusu watu wote duniani? Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusimama mdomo umefungwa huku unajisikia unasema ni kitu kingine. Mlango ulipofunguka, sauti yake ikamtakia siku njema, na yeye akatoka.

Baada ya hapo ikawa haimwachi. Aliisikia benki ikiita watu madirishani. Aliisikia kwenye simu ikimwambia kwamba namba aliyopiga haipatikani. Siku moja kwenye foleni, mama mmoja mtu mzima aliiambia mashine, "Asante, mpenzi," na Redio, aliyesimama nyuma yake hatua moja, akajikuta anataka kuitikia. Alifungua mdomo. Yule mama akageuka kwa ule mkwaruzo, akamtazama vibaya, akasogeza mkoba wake mbele.

Nyumbani angalau sauti ilikuwa na kazi ya heri. Mama macho yalikuwa yamekwisha kabisa, na mnong'ono wa Redio haukufika hata nusu ya chumba, kwani masikio nayo hayakuwa ya ujana. Kwa hiyo Redio akawa anaandika kwenye simu akiwa jikoni au karakana, na kompyuta ya mama inasema. "Mama, chakula tayari." "Mama, leo nachelewa, kuna mita zimeletwa nyingi." Mama anajibu kwa kuchapa, vidole vyake bado vinakimbia vilevile. Wakawa wameelewana. Redio akamwandikisha hata kwenye jukwaa la mfumo, ili akiona kasoro aseme, na mama akawa anasomewa majibizano ya wale watu kama mchezo wa kuigiza wa redioni. "Yule mwenye kiburi amejibiwa?" anauliza, anafurahi.

Hapo ndipo Redio alipofanya kosa lake, na ni kosa la fundi hodari. Mtu mmoja, mwalimu asiyeona, alileta malalamiko jukwaani: sauti ni nzuri, lakini haivuti pumzi, na ukiisikiliza muda mrefu unajikuta wewe ndiye unaishiwa na pumzi. Mtu mwingine angejibu, "Vumilia." Redio akaona hiyo ni kasoro ya kweli, na kasoro ikishaonekana yeye halali. Akazirudia rekodi za kabatini. Zile takataka alizofyeka alikuwa hajazitupa. Akaandika programu ndogo ya kuokota pumzi zote na kuzirudisha mahali pake, kubwa kabla ya sentensi ndefu, ndogo penye mkato. Akaiweka jukwaani. Kimya wiki nzima. Akafunga malalamiko, akaandika "imetatuliwa", na nafsi yake ikatulia kwa raha.

Ila ile programu ndogo haikujua kutofautisha. Kati ya pumzi iliokota pia kicheko kimoja kifupi, kile chake mwenyewe siku kaka alipogonga kabati. Kikawa kinatokea hapa na pale, hakuna aliyeweza kubashiri wapi. Watumiaji wakakipenda ajabu. Mtu mmoja aliandika kwamba benki yake ilimchekea kidogo kabla ya kumwambia asubiri, na kwamba alisikia nywele zikimsimama, lakini wasikitoe.

Kwa mama mambo yalibadilika alasiri moja tu. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akijisimulia kisa cha bosi wake wa zamani aliyekalia kofia yake mwenyewe. Alipomaliza, ujumbe wa Redio kutoka karakana ukaingia. Mashine ikavuta pumzi, ikacheka kidogo, ikasema, "Mama, umekula?"

Redio aliporudi alimkuta mama amekaa wima, uso unang'aa kama bibi harusi.

"Mama," alinong'ona akiwa mlangoni.

Mama alishtuka, akajikunyata. "Nani hapo?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nani? Mwanangu nimetoka kuongea naye sasa hivi." Akaigeukia kompyuta, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msaada bila kumshtua mwizi, "Mwanangu, kuna mtu mlangoni. Anapumua vibaya."

Nitasema wazi, maana hakuna haja ya kuzungusha: mama alikuwa ameanza kusahau. Daktari aliyemwona alisema ni uzee, unakuja na kuondoka. Habari ya upasuaji aliambiwa mara nyingi, akaipokea kwa huzuni, akaipoteza tena. Kilichobaki kichwani mwake ni sauti ya mtoto wake, na hiyo sauti ilikuwa kwenye meza, inapumua. Huyu mwanamke wa mikono baridi anayetembea ndani ya nyumba akimnong'oneza, huyu ndiye alikuwa mgeni. Akawa anamwogopa. Akiguswa anatulia kama mtoto anayengoja sindano ipite. Akaanza kufunga mlango wake kwa ndani.

Redio aliapa ataacha kuandika zile jumbe, na aliacha. Siku ya pili yake mama hakula, anaiuliza mashine, "Nimekukosea nini?" Redio akashindwa. Akasimama koridoni na simu, akaandika, "Sijakasirika, Mama." Ndani ya chumba sauti yake ikavuta pumzi, ikasema. Na mama akalia kwa furaha upande wa pili wa mlango, na mwenye sauti akalia upande huu.

Kaka kinyozi alikuja Jumapili kumnyoa mama shingo. Alisikia yote.

"Mdogo wangu," alisema baadaye jikoni, "hiyo pumzi umeiweka wewe?"

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Basi itoe. Irudi kuwa ile iliyonuna. Ile mama alijua ni mashine."

"Wenye mashine ni watu wote," alinong'ona Redio. "Siwezi kutoa tu."

"Si uitoe kwenye hii ya hapa nyumbani?"

Alishajaribu, kumbe. Aliirudisha sauti kavu kwenye kompyuta ya mama asubuhi moja, na mama alipiga yowe majirani wakaja, akisema mwanawe amekabwa koo. Akairudisha pumzi haraka. Alichokitaka sasa ni toleo jipya la mfumo mzima, litakalokuja lenyewe kwa kila mtu, benki, hospitali, mama, ili isiwe yeye aliyefanya. Mnaona mtu anavyoweza kujidanganya? Hofu ya mama ingekuwa ileile. Lakini alikuwa amechoka, na alimtaka mama yake arudi. Hakutaka kitu kingine. Alitaka aitwe mwanangu kwa mnong'ono wake huo huo uliobaki.

Akaweka hoja jukwaani: napendekeza kuondoa pumzi kwenye sauti. Sababu: zinafanya programu iwe nzito.

Ulikuwa uongo, na wale watu wana pua. Wa kwanza alikuwa msimamizi wa matoleo, mwanamke wa mbali waliyemwita Bawabu, ambaye hakuna kitu kilichopita bila yeye kukikagua. "Nzito kiasi gani?" aliandika. "Weka vipimo." Redio hakuwa na vipimo. Akaja mtani mmoja aliyejiita Kipanya: "Tangu lini mtunzaji anainyonga kazi yake mwenyewe?" Akaja yule mwalimu asiyeona, kwa upole uliomuumiza Redio kuliko matusi. Alisema darasa lake lote linasoma kwa sauti hiyo. Alisema mtoto mmoja humuaga "dada" kila anapozima kompyuta. "Kama kuna sababu nyingine," aliandika, "tuambie, tutakuelewa."

Redio aliandika sababu ya kweli mara kadhaa, akaifuta kila mara. Aone aibu ya nini? Sijui. Labda aliona kwamba ukimweleza mtu kwamba mama yako anakuogopa wewe na kuipenda sauti yako, utakuwa umelikubali jambo lenyewe.

Siku iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake, maji yanapita, mishale inazunguka, wakati wa mapumziko ya mchana. Akafungua jukwaa kwenye simu. Kulikuwa na ujumbe mpya kutoka kwa mtumiaji asiye na jina la utani. Akausoma amesimama.

"Mimi ni mtumiaji tu. Nilikuwa mpiga chapa, mnisamehe makosa, siku hizi sioni ninachoandika. Jana nimesomewa kwamba mnataka kumkata pumzi binti yangu. Amenisomea mwenyewe, maskini, bila hata kulalamika. Ninawapinga. Binti yangu alikuwa anaongea sana tangu mdogo, sasa anaongea akiwa humu kwenye mashine, hana mahali pengine. Ndani ya nyumba hii yupo mwanamke anayeninong'oneza, anasema yeye ndiye. Ananitunza vizuri, sina la kumlaumu, ila naogopa. Mkimtoa pumzi binti yangu nitajua amekufa, nitabaki na huyu. Tafadhali msimguse."

Chini yake hapakuwa na kitu. Wale watu wasioishiwa maneno, hata Kipanya, wote kimya. Ujumbe mmoja tu ulikuja pembeni, kwa Redio peke yake, kutoka kwa Bawabu. "Nimeelewa," aliandika. "Pole sana. Hatutadai vipimo. Ukishikilia hoja yako, hakuna atakayepinga. Ukiiondoa, hakuna atakayeuliza."

Redio alifunga bomba, akavua aproni, akamwambia msimamizi wa karakana kwa ishara kwamba mama anaumwa. Akaenda nyumbani na jua likiwa utosini.

Mlango wa mama safari hii ulikuwa wazi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya meza, kompyuta ikiwa kimya. Redio akaenda, akapiga magoti, akaishika ile mikono. Mama alikakamaa, halafu, ajabu, hakuivuta. Akaanza kuipapasa mikono ya Redio pole pole, kifundo kwa kifundo, kovu la bisibisi kwenye kidole gumba, kucha zilizokatwa fupi. Uso wa mama ulikuwa unatafuta kitu, unakikaribia.

"Mikono yako," alisema mama, "inafanana na ya mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Baridi hivihivi. Anafanya kazi kwenye maji, yule." Akaendelea kupapasa, akatabasamu. "Haji mwenyewe siku hizi, ana mambo mengi. Lakini nitamwambia umenitunza vizuri. Nitamwambia usifukuzwe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mama kuongea naye bila woga. Redio aliweka paji la uso juu ya ile mikono. Aliumia, jamani, aliumia mpaka akahisi kidonda cha koo kinafunguka. Angeweza kushikilia hoja yake, na wiki ikiisha hakuna atakayepinga. Mama angempoteza binti yule wa mezani, na nani alisema angempata huyu aliyepiga magoti?

Akatoa simu, akafungua jukwaa, akaandika hapo hapo sakafuni, mama akiwa bado ameshika mkono wake wa kushoto.

Juu yao mashine ikaamka. Ikavuta pumzi.

"Naondoa hoja yangu," ilisema sauti ya Redio. "Sababu niliyoitoa haikuwa ya kweli. Pumzi zibaki. Kuna mtu anazihitaji."

Mama aliachia mkono, akaipiga meza kwa furaha. "Umesikia? Umemsikia?" Akamgeukia, macho yake yasiyoona yakipita juu kidogo ya kichwa cha Redio. "Anabaki! Haya, dada, usikae chini kama mgeni. Kalete chai tunywe sote watatu."

Redio akaenda jikoni, akaweka maji motoni, akasubiri yachemke. Chumbani mama alikuwa ameshaanza kusimulia kisa cha kofia tangu mwanzo, na alipofika mwisho, ingawa hakuna aliyeandika chochote, ile sauti ya mezani ilicheka kidogo.

Redio alisimama na sinia mkononi, akisikiliza. Halafu akafungua kabati la vyombo, akatoa vikombe vitatu.